Kokoto la Chuma

Boti ya Amon ilikuwa imekwisha kuuacha mchanga, na Lutengano alikuwa bado amegeuza shingo akimtazama mama yake. Bibi Rut alisimama pale maji yanapoishia, mkono wa kushoto ukipunga, wa kulia umefungwa kitambaa na kufichwa ndani ya khanga kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Hakuwa mwanamke wa kusindikiza watu. Miaka yote mwanawe alipoondoka kurudi kazini, yeye alibaki na udongo wake, akisema chungu hakingoji kwaheri. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuja mpaka ukingoni, akapunga, na hakuacha kupunga hata boti ilipokuwa mbali kiasi cha mtu kufanana na kisiki.

"Mkono haujapona tu?" Amon aliuliza, huku ameshika mpini wa injini.

"Haujapona. Vidole vimekuwa vyeusi nchani. Ngozi inavuka kama ganda la ndizi iliyochomwa."

"Kidonda kisichojua moto wala kisu." Amon akatema mate majini. "Na yule kuku je?"

Lutengano alitikisa kichwa. Kuku wa mama yake alikuwa ameatamia mayai kumi na moja chini ya kitanda. Aliyalalia siku ishirini na moja, akayalalia siku thelathini, na halikutotolewa hata moja. Walipoyavunja walikuta maji ya kijivu tu.

"Basi Jumatano saa nane kuna kikao," Amon alisema. "Mwenyekiti Ambilikile amekwisha kuita watu. Kuna mtu atahama kijiji hiki, apende asipende." Kwa kidevu akaonyesha nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyojibanza chini ya jabali. Ilikuwa nyumba ya Anyosisye.

Mbali katikati ya ziwa, mbu wa majini walikuwa wamepanda juu kama moshi wa kijiji kinachoungua, nguzo baada ya nguzo, bila sauti. Pale hapakuwa na kijiji wala moto. Lutengano aliwaona wadudu hao tangu utotoni, lakini siku hiyo aliwapa mgongo.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Watu wengi huitamka methali hii huku wamemkodolea macho jirani, nayo nguo yao wenyewe hawaikung'uti. Ndivyo ilivyokuwa kwa Lutengano na kijiji chake kizima.

Kijiji hicho kimebanwa kati ya milima ya Livingstone na maji. Hakina barabara ya gari. Wanaume huvua, na wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo huvuka kwa boti kwenda Matema, kisha Ipinda, kisha kokote kule watu wanakopika. Chungu kikikauka nusu, mfinyanzi hukisugua kwa kokoto laini la ziwani mpaka king'ae kama kambare aliyetoka majini sasa hivi. Kokoto hilo si la kuokota na kutupa. Bibi humwachia binti, binti humwachia mjukuu, na haliazimwi kamwe. Jirani anaweza kukuazima chumvi, jembe, hata nguo ya kwendea msibani, lakini kokoto hapana. Wanasema mkono wa mwenyewe umo ndani yake.

Kokoto la Bibi Rut lilitoka kwa mama wa mama yake. Mvua za mwaka huo zilipoanza, lilimponyoka akinawa, likazama. Alilia kama aliyefiwa. Akajaribu kokoto jingine na jingine tena, na vyungu vyake vikatoka na makovu. Wachuuzi wakawa wanampita moja kwa moja kwenda kwa Anyosisye, shoga yake wa tangu usichana, ambaye walichoma naye vyungu kwenye moto mmoja kwa miaka thelathini.

Wakati huo Lutengano alikuwa fundi msaidizi katika kiwanda kimoja cha kuosha makaa ya mawe, huko upande wa milimani. Mwezi wa nne waliambiwa wabomoe mabomba ya zamani. Kwenye bomba mojawapo lilishikizwa boksi zito la chuma, limepakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine. Pale rangi ilipobanduka palionekana alama ya njano yenye mapanga matatu yaliyozunguka kitone. Lutengano alidhani ni alama ya feni. Akalikata lile boksi akitarajia shaba. Ndani akakuta madini ya risasi yaliyojazwa pande zote, na katikati ya risasi hiyo, kama kokwa ndani ya tunda, kipande cha chuma kisichozidi pingili ya kidole cha mwisho. Kilikuwa kizito, laini, cheupe, hakina kutu hata chembe.

Mtu mwingine angefikiria bei. Lutengano alimfikiria mama yake. Akakitia katika mfuko wa suruali, hakumwonyesha mtu, na Jumamosi akasafiri nacho kutwa nzima mpaka nyumbani.

"Ndaga fijo, mwanangu," Bibi Rut alisema, akikigeuzageuza kiganjani. Alimshukuru hivyo mara tatu. Siku ile ile akakijaribu.

Havikupata kuonekana vyungu kama vile. Viling'aa hata mtu akaweza kuona jino lake bovu. Wachuuzi walivigombea vingali na joto la moto. Siku moja Anyosisye akaja, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Rut, dada yangu, niazime hilo kokoto nusu siku tu."

"Haliazimwi. Unajua."

"La mama yako lisingeazimwa, sawa. Hili la chuma lina mkono wa nani?"

"Lina mkono wa mwanangu."

Anyosisye alicheka, lakini kicheko kikamnasa kooni kama mwiba wa samaki mbasa. "Haya," alisema akiinuka. "Kaa nalo."

Wiki ya tatu vidole vya Bibi Rut vilianza kuwasha. Ya tano vilivimba. Ya saba vikaanza kuwa vyeusi, na nyonga ya kulia ikatoka doa jekundu ambalo hakumwonyesha mtu. Ndipo watu wakakumbuka yale maneno mawili ya Anyosisye, wakayatafuna na kuyatema na kuyatafuna tena. Kaa nalo. Aliliambia kokoto nini yule mwanamke? Aliacha nini pale kwenye kinu? Wanawake waliokwenda kuteka maji walianza kumpisha njia, na si kwa heshima.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Lutengano alipokuwa akienda mjini Kyela. Kiwanda kilikuwa kimebanwa na wakaguzi, kikatakiwa kuwa na wafanyakazi waliofunzwa usimamizi wa usalama wa mionzi kazini. Wakapelekwa kumi, kwa siku tatu, katika ukumbi mmoja wa kukodi pale Bondeni.

Mkufunzi wao alikuwa mwanamke mfupi wa makamo aitwaye Bi Kisa. Alikuwa na sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu madebe ya mpunga. Mezani kwake palikuwa na kidude cha njano chenye mpini, koleo yenye mikono mirefu, na kopo dogo la risasi ambalo mtu mzima alilibeba kwa mikono miwili.

"Mugonile," aliwasalimu. Kisha akafungua daftari la zamani. "Wengi wenu ni wageni kwangu. Lakini Lutengano si mgeni. Jina lako limo kwenye mafunzo ya mwaka juzi, na sahihi ipo."

Lutengano alitazama viatu vyake. Ni kweli alisaini. Alisaini, akanywa chai, akala chapati mbili, akatokea mlango wa nyuma kwenda kuvuna mpunga wake Ipyana kabla ndege hawajaumaliza.

"Alikuwepo kiroho, mwalimu," alisema Gwamaka, mwenzake wa karakana, mtu ambaye hata kwenye mazishi ilibidi akalishwe nyuma asije akachekesha waombolezaji. Ukumbi ukacheka. Bi Kisa hakucheka.

"Mionzi ni nini?" aliuliza.

"Ni kama mama mkwe," Gwamaka akajibu. "Humwoni, lakini unajua yupo."

"Hapana. Mama mkwe utamsikia anakohoa." Sasa walicheka zaidi, naye akangoja wamalize. "Hii haikohoi. Haina harufu wala ladha. Haikuchomi ukaruka. Unakaa nayo, unakula nayo, unalala nayo, nayo inakula polepole. Siku utakayosikia maumivu, jua imekwisha kushiba."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Kisa akawafundisha mambo matatu, akawaimbisha kama watoto wa darasa la kwanza: punguza muda, ongeza umbali, weka kinga. Akawasha kile kidude cha njano, kikaanza kulia tik, kikanyamaza, kikalia tik. Wanaume kumi wazima walikisikiliza kama watu wanaosikiliza hatua za mtu nje ya nyumba.

Siku ya pili, Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, alitundika picha ukutani. Ya kwanza ilikuwa alama ya njano yenye mapanga matatu.

"Nani ameshawahi kuiona hii?"

Lutengano alianza kuinua mkono, akaushusha. Ya pili ilikuwa boksi lililoshikizwa kwenye bomba. Bi Kisa akaeleza kwamba viwandani kifaa hicho hupima uzito wa tope linalopita ndani ya bomba, na kwamba roho yake, ile inayotoa mionzi, imefichwa katikati ya risasi. Ya tatu ilikuwa hiyo roho yenyewe, imelazwa kando ya njiti ya kiberiti ili watu waone udogo wake. Ilikuwa nyeupe, laini, haina kutu hata chembe.

"Mtu akiiona hii barabarani ataiokota," Bi Kisa alisema. "Ni nzuri. Hilo ndilo baya lake."

Picha ya nne ilikuwa mikono ya mtu. Lutengano hakuhitaji kuitazama. Mkono kama huo alikuwa ameuacha ufukweni jana yake, umefichwa ndani ya khanga.

Akaomba ruhusa, akaenda msalani, akafungua suruali. Pajani mwake, upande wa kulia, palikuwa na kovu jeusi ambalo tangu mwezi wa tano aliliita mkanda wa jeshi na kulipaka dawa za duka. Sasa alilitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limekaa pale pale sehemu ya chini ya mfuko inapoishia.

Alitoka akampigia mama yake. Simu ililia mara nyingi, maana kule mtandao hushikwa kwa kupanda juu ya jiwe.

"Mama, lile kokoto liko wapi?"

"Lipo, mwanangu. Usihofu. Siku hizi silifanyii kazi, mkono hauwezi. Lakini nimelificha asipofika mchawi."

"Wapi?"

"Nitatajaje kwenye simu? Kuta zina masikio." Akashusha sauti. "Analitaka. Anapita hapa kila siku akijifanya kuniletea uji. Lakini hatalipata mpaka nife."

Lutengano alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamesimama kwenye ulimi yote, yamepangwa. Nyuma yake mlango wa ukumbi ukafunguka, Gwamaka na wengine wakatoka wakicheka na sahani za wali. Akaiona kazi yake ikienda. Akajiona mbele ya meneja, mbele ya polisi, mbele ya kijiji. Akaona kichwa cha habari ambacho watu wangekisoma kwa midomo yao kila apitapo: huyu ndiye aliyemchoma mama yake.

"Usilishike sana, mama," alisema. Hayo tu. Simu ikakatika.

Mchana huo alikaa ukumbini kama gogo. Usiku alikaa kitandani katika nyumba ya wageni bila kufumba jicho, akijiambia kwamba kesho mafunzo yataisha, atarudi kimyakimya, atalichukua, atalitupa ziwani, na hakuna atakayejua. Kila alipolala chali, paja lake likamwasha.

Asubuhi ya Jumatano alimfuata Bi Kisa kabla wengine hawajafika, akamweleza yote, kuanzia boksi hadi uongo wa mkanda wa jeshi. Mpunga wa Ipyana pia aliutaja. Bi Kisa alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Umejua lini?"

"Jana. Saa sita mchana."

Aliitazama saa yake ya mkononi. "Sasa ni saa mbili. Saa ishirini, Lutengano."

Hakupandisha sauti. Lutengano angependa apigwe kofi.

Walijaribu simu ya Bibi Rut, haikupatikana. Walijaribu ya mwenyekiti Ambilikile, haikupatikana. Bi Kisa akawapigia wakubwa wake, nao wakasema kikosi kinatoka Mbeya na sanduku lake, yeye atangulie kuwatenga watu na kile kitu. Alichukua kidude cha njano na koleo. Kopo la risasi likabaki mezani.

"Hilo nitalibeba mimi," alisema Gwamaka, aliyekuwa amefika na kusikia nusu. Siku hiyo hakutoa mzaha tena.

Njia nzima ya Ipinda hakuna aliyesema neno. Wenye nyumba za kando ya barabara walikuwa wameanika kakao, na harufu yake chungu ikawafuata mpaka Matema. Kwenye boti Bi Kisa aliwasha kidude akakiweka mapajani. Tik. Ziwa. Tik.

"Ndiyo hiyo tayari?" Amon aliuliza kwa woga.

"Hiyo ni kawaida. Mawe yana mionzi kidogo, jua linayo, hata ndizi unayokula. Hiyo haiui. Tega sikio ikibadilika."

Nguzo za mbu zilikuwa zimesogea. Zilisimama karibu na kijiji sasa, nyeusi, zikijipinda taratibu kama zina mifupa.

Walifika saa nane imepita. Kikao kilikuwa kimeanza kwenye uwanja wa kanisa, na mbele ya nyumba ya chini ya jabali palitapakaa vigae. Vyungu vyote vya Anyosisye vilikuwa vimepasuliwa. Mwenyewe aliketi pembeni peke yake, furushi la nguo miguuni, macho makavu. Upande wa pili, juu ya mkeka, Bibi Rut alikuwa ameegemezwa, wanawake saba wamemzunguka wakimpepea.

"Umekuja kwa wakati, mwanangu," mwenyekiti Ambilikile alimwambia Lutengano. "Mama yako anakwisha. Tunamwondoa mwenye mkono katika hili."

"Mwenyekiti, huyu mwalimu ana chombo kinachoonyesha kinachomla mgonjwa," Lutengano alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Tuanze na nyumba ya huyo mnayemtaja."

Watu wakanong'ona. Lakini jambo la kuona huwa tamu kuliko la kusikia, wakakubali. Bi Kisa akaingia nyumba ya Anyosisye, umati umesimama mlangoni, akakiwasha tena kidude alichokuwa amekizima botini. Akapitisha kidude juu ya kitanda, juu ya mafiga, ndani ya kapu la udongo. Tik. Kimya. Tik. Akatoka, akampitishia Anyosisye mwenyewe, aliyeletwa mlangoni, kuanzia utosini hadi nyayo. Tik.

"Hakuna kitu hapa," alisema.

"Kimefichwa," mtu mmoja alisema nyuma.

"Twende nyumba ya mgonjwa."

Lutengano alijua sasa kidude kitapiga kelele. Waliingia chumbani. Bi Kisa akakipitisha juu ya kitanda, chini ya kitanda pale kuku alipolalia mayai yake, juu ya kapu la zana lililokaa ubavuni mwa kiota. Tik. Kimya. Tik. Hakuna. Kile kitu hakikuwamo. Lutengano akapekua kapu kwa mikono miwili, akapindua godoro.

Walirudi uwanjani mikono mitupu. Ndipo, walipokuwa hatua arobaini kutoka kwenye mkeka, kidude kikaharakisha. Tik-tik. Tik-tik-tik. Bi Kisa akasimama. Akageuka kushoto, kikapungua. Akageuka kulia, kikapungua. Akaelekea mbele tena, kikawa kama mvua inayoanza kwenye bati, halafu kama mvua ya mawe, halafu tiki zote zikaungana zikawa sauti moja ndefu kama ya nyigu. Na mbele palikuwa na mkeka tu.

"Wanawake wote, sogeeni. Sogeeni mbali, mpaka kwenye ule mnazi. Mama abaki peke yake."

Walikimbia. Mapepeo yalianguka. Kwa kufumba na kufumbua Bibi Rut akabaki ameketi katikati ya uwanja, na kijiji chote kikamtazama kwa macho yale yale yaliyokuwa yakimtazama Anyosisye.

"Lutengano," aliita. "Mbona wananikimbia?"

"Unaingia, unatoka," Bi Kisa alimwambia Lutengano kwa sauti ya chini. "Nitahesabu mpaka thelathini. Zaidi ya hapo hapana. Usikishike kwa mkono."

Lutengano akachukua koleo, akaenda, akapiga magoti. "Moja. Mbili," sauti ile isiyopanda wala kushuka ilisema nyuma yake.

"Mama, nipe kokoto."

"Mbele ya watu hawa?"

"Nipe, mama. Ndilo linalokula."

Bibi Rut alimtazama muda ambao hakuwa nao. "Hili ulinipa wewe," alisema.

"Ndiyo, mama. Niliiba kazini. Nilikuletea mimi."

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

Mkono wake wa kushoto ukaenda kiunoni, kwenye pindo la khanga alilofunga fundo. Wiki tatu alikuwa amelala na fundo hilo, ameamka nalo, amesali nalo. Alijaribu kulifungua. Fundo lilikuwa gumu, na mkono mwingine haukuwa na vidole vya kusaidia. Akainama, akalitia meno.

"Usilitie mdomoni! Vua khanga, mama. Ivue yote."

"Niivue hapa, Lutengano?"

"Ishirini."

Akaivua. Akabaki na gauni la ndani lililochakaa, mwanamke wa miaka sitini na tano mbele ya mchungaji wake na wakwe zake, na kitambaa cha gauni hilo kwenye nyonga kilikuwa kimegandamana na kidonda. Lutengano akainasa khanga kwa koleo, akaibeba kwa mikono iliyonyooshwa mbali na mwili hadi kwenye kopo ambalo Gwamaka alikuwa ameliacha wazi, akasokomeza fundo ndani, akafunika. "Ishirini na nane," alisema Bi Kisa.

Ile sauti ya nyigu ikakatika. Tik. Kimya. Tik.

Hakuna aliyesogea. Bibi Rut alijikunyata pale pale akijaribu kujisitiri kwa mkono mmoja, na watu wote walikuwa bado wakimwogopa. Aliyekwenda alikuwa Anyosisye. Alipita katikati yao, akafungua khanga yake mwenyewe begani, akamfunika shoga yake mpaka shingoni, kisha akaketi naye mkekani. Alilikodolea macho lile kopo.

"Niliomba nusu siku tu," alisema.

"Nilikunyima," Bibi Rut akasema.

"Ulininyima. Ndaga," Anyosisye akashukuru.

Mwenyekiti Ambilikile alikohoa, akauliza kama vyungu vilivyosuguliwa na chuma hicho vina sumu. Bi Kisa akakiinamisha kidude juu ya kimoja. Tik, kimya, tik. Akasema chuma hakikupasuka, kwa hiyo vyungu havina kosa, na kwamba uwanjani pale kulikuwa na watu wengi waliokuwa nalo.

Kikosi cha Mbeya kilifika jioni, kikalichukua kopo. Bibi Rut alipelekwa hospitali ya mbali, akakatwa vidole vitatu, akapandikizwa ngozi nyongani. Madaktari walisema kipande kile kilikuwa kidogo na cha zamani, la sivyo angerudi ndani ya jeneza. Yu hai. Hafinyangi tena. Lutengano alifukuzwa kazi na akashtakiwa. Alihukumiwa kifungo cha nje, na sasa analima mpunga Ipyana. Pajani ana shimo linaloingia kidole gumba, na baridi ikija huchechemea. Kiwanda kilitozwa faini kwa kubomoa bila kuangalia kilichomo. Meneja alihamishwa. Gwamaka ndiye msimamizi wa usalama wa mionzi pale, na husemekana kuwa akishika daftari la mahudhurio hufunga mlango wa nyuma kwa kufuli kwanza. Bi Kisa bado anafundisha. Wanawake saba na mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa akilala kwa Bibi Rut walipimwa damu, wakaonekana hawana neno, ila wanatakiwa kurudi kila mwaka. Amon bado anaendesha boti. Ambilikile alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Hakuna aliyemlipa Anyosisye vyungu vyake. Alikaa pale pale chini ya jabali, akafinyanga vingine, na kila asubuhi humpelekea Rut uji, kama alivyokuwa akifanya walipomwita mchawi.

Kijiji kizima kilimtafuta adui katika nyumba ya mwisho, kumbe adui alikuwa amefungwa fundo kwenye pindo la khanga, ameletwa na mtoto kwa mama yake kwa mapenzi. Kikulacho ki nguoni mwako.